Mzungushe Kushoto Tu

Bweni la Wavulana, Chuo cha Pell Creek, Ohio
14 Septemba 1986

Mjomba Garnet,

Ni mzima, nakula, sijafukuzwa. Hayo matatu uliyotaka kujua nimeyamaliza. Sasa nikupe habari zenyewe.

Nimejiunga na timu ya farasi ya chuo. Weka chini hicho kikombe cha kahawa kabla hujasoma mstari unaofuata. Hakuna hata mmoja wetu mwenye farasi! Tuko kumi na wanne: wasichana kumi na wawili, mimi, na mvulana mmoja anayeogopa farasi ila anampenda mmoja wa hao wasichana. Tunakwenda kushindana kwenye chuo cha watu, na wenyeji ndio wanaotoa farasi, matandiko na kila kitu. Majina ya farasi yanaandikwa kwenye vikaratasi, vinatiwa kwenye kofia, unaingiza mkono. Umetoa "Biskuti". Biskuti ni nani? Hujui, hujawahi kumwona. Unakutana naye langoni, unapanda, unarekebisha urefu wa vikanyagio, haya, ingia uwanjani. Huruhusiwi kumjaribu hata hatua tatu. Wanasema ndiyo njia ya kumfanya mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri wawe sawa.

Nilicheka mpaka Kocha Haverkamp akaniuliza kama naumwa. Mjomba, kazi hii nimeifanya tangu nina miaka tisa! Kila Jumamosi kwenye mnada wako mlango unafunguliwa, nasukumiwa farasi nisiyemjua, dakika mbili mbele ya wanunuzi nimfanye aonekane kama amelelewa kanisani, nashuka, analetwa mwingine. Wenzangu walikuwa wanatetemeka kwa kuambiwa tu. Mimi natafuna chingamu.

Halafu tukapewa fomu. Swali la nne: "Umewahi kuonyesha farasi? Mara ngapi?" Nikaandika: "Ndiyo. Kama mia nne, bila kuhesabu nyumbu."

Kocha aliposoma akaitoa miwani, akaipangusa, akasoma tena. Akanitazama kama nimeshuka na malaika. Hapo ndipo utajua chuo kimepata mtu.

Mpwa wako, fahari ya Kentucky yote,
Delbert


Stillhouse Branch, Kentucky
23 Septemba 1986

Delbert,

Mia nne! Ungeandika mia sita, nani angekwenda kuhesabu?

Watu wenye shahada wanagawa farasi kwa kofia. Sikuamini, nikamsomea barua yako kinyozi, naye hakuamini, akanikata sikio. Mimi nimeishi miaka thelathini nikidhani mnada wangu ndio mahali pa fujo kuliko pote duniani.

Huku hatuna mpandaji. Jumamosi nimepanda mwenyewe. Nina miaka sitini na moja na mgongo umelia kama mlango wa ghala. Mtu mmoja jukwaani akapiga kelele: "Garnet, unamuuza farasi au unajiuza wewe?" Nikamwambia nikijiuza yeye hataiweza bei yangu.

Sikiliza neno moja. Mdomo wako ni mrefu. Hao ni watu wa aina nyingine. Usiwape kila kitu. Namna tunavyofanya kazi zizini kwetu ibaki zizini kwetu. Umenielewa.

Kula mboga.
Mjomba wako
G. Caudill


Pell Creek
5 Oktoba 1986

Mjomba,

Nilikaribia kufa. Nianze na hilo.

Jumatatu Kocha ananipeleka kwenye uwanja wa ndani. Naona viunzi vimesimamishwa, vya mbao, vimepakwa rangi nyekundu na nyeupe, kimoja kinafika kifuani kwangu. Nasema, "Hivi ni vya nani?" Ananiambia, "Vyako." Nasema, "Vya kufanyia nini?" Anasema, "Vya kuruka, Delbert. Nimekuweka daraja la juu kabisa. Mtu aliyeonyesha farasi mara mia nne siwezi kumweka na wanaoanza. Ni kinyume cha kanuni."

Mjomba, kumbe hapa "kuonyesha farasi" ni kushindana! Mbele ya mwamuzi, kwa koti jeusi na tai! Mimi nimeandika nilivyowaonyesha wanunuzi!

Sasa ningesema nini? Na wasichana kumi na wawili wamekaa kwenye uzio wananitazama? Nikasema, "Sawa, ni vifupi kidogo lakini nitajitahidi." Nikaenda. Farasi akaruka. Mimi nikaruka pia, ila kila mtu na safari yake. Nimetua kwenye kiunzi cha pili bila farasi. Kocha amekuja mbio ameshika moyo, akidhani ameua mtoto wa watu. Hapo hapo nikiwa chini na mbao shingoni nikamweleza mambo ya mnada.

Alikaa chini kwenye vumbi. Akacheka mpaka machozi. Msichana mmoja wa mwaka wa mwisho, Marcy Dudek, akasema, "Kwa hiyo tumemleta dalali!" Tangu siku hiyo jina langu ni Mnada. "Mnada, lete ndoo." "Mnada, unaniuzia bei gani huo mkate?"

Kocha amenishusha daraja la chini, wasioruka, na jana tumekwenda shindano la kwanza. Shika kiti. Nimekuwa wa kwanza! Utepe wa buluu! Nilimpata jike mzee anayeuma, nikamwelewa kabla sijakaa vizuri. Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni hiki: mwamuzi hamtazami farasi. Kabisa! Anatazama visigino vyangu, mgongo wangu, mikono yangu. Farasi awe mbovu, awe kipofu, awe mbuzi, si shauri lake. Kwetu watu wanatazama farasi mpaka meno, mimi huwa sionekani. Mara ya kwanza maishani mtu ananitazama mimi niliye juu.

Marcy naye amekuwa wa pili daraja la juu. Huyo anaruka mpaka unashika kichwa. Hajawahi kumiliki farasi. Kwao Cleveland baba yake yuko kiwandani, na yeye ameoga mavi ya farasi wa watu miaka minane ili apewe masomo bure. Akishika nafasi ya kwanza au ya pili kwenye shindano lijalo anakwenda mashindano ya kanda nzima. Asiposhika, basi, ndio mwaka wake wa mwisho, na akimaliza chuo hatapata tena farasi wa kupanda. Amenisimulia akicheka, lakini mikono yake haikuwa inacheka.

Shindano hilo ni tarehe mosi Novemba, chuo cha Wendham. Niombee nipate anayeuma tena.

Bingwa,
Delbert


Stillhouse Branch
29 Oktoba 1986

Delbert,

Barua yako imekaa juu ya friji wiki tatu. Kila nikichukua maziwa naiona.

Usiende Wendham. Sema una mafua. Sema mjomba wako amevunjika mguu, nakuruhusu kunivunja. Mashindano yako mengi, nenda mengine.

Ningepiga simu lakini simu ya bweni lenu hupokewa na yeyote anayepita.

Usiniulize kwa nini. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

G.


Pell Creek
2 Novemba 1986

Mjomba,

Leo sina mzaha, na ukiona nimetania mahali ujue ni kalamu imezoea.

Tumefika Wendham jana saa mbili asubuhi. Kabla ya kura wenyeji wanabandika ukutani orodha ya farasi wao, na kila mmoja maneno mawili matatu ili mpandaji asiingie gizani kabisa. "Biskuti: mvivu, mpige kisigino." Hivyo hivyo. Marcy akaingiza mkono kwenye kofia, akatoa "Jemadari". Tukaenda kusoma ukutani. Jemadari: "Mpole sana. Anaruka vizuri. Mgumu kidogo kuzunguka kulia, kushoto ni mzuri."

Marcy akarukaruka. Akasema, "Mnada, ona bahati! Njia ya leo karibu yote inakata kushoto!"

Nikaenda kumtazama. Nilitaka tu nimtanie Marcy kwamba amepata punda. Anatolewa bandani farasi wa kijivu, ana alama nyeupe kama yai kwenye pua, na kovu gotini kama waya umepita.

Mjomba, nilimjua papo hapo.

Unamkumbuka. Mnada wa mwisho kabla sijaja huku, tarehe kumi na sita Agosti. Ulinipa hatamu langoni ukaniambia, "Mzungushe kushoto tu, kijana." Nikakutazama. Ukasema, "Kushoto tu. Usiulize." Sikuuliza. Lakini mimi si mjinga. Nilipofika kwenye kona dalali alipunga fimbo yake upande wa kushoto wa farasi, karibu kabisa na uso, na farasi hakupepesa jicho. Jicho safi, jeusi, linang'aa, na halioni kitu. Nikamzungusha kushoto ili jicho zima liwe upande wa watu na lisishtuke na kelele zao. Akapita kama bwana harusi. Mtu mwenye kofia ya majani akanunua. Mimi nikashuka nikaletewa mwingine.

Sasa fikiri. Kwenye kuzunguka tu, kushoto ndiyo anaonekana mzuri. Lakini ukikata kushoto kwa kasi kwenda kwenye kiunzi, kiunzi kinamjia upande usioona! Atakiona kikiwa kifuani kwake. Na hapo ukutani wamemwandikia Marcy kwamba kushoto ni kuzuri. Ni sisi ndio tumeandika pale, Mjomba. Kwa mkono wao, lakini ni sisi.

Nilisimama. Nikajiambia labda si yeye. Nikajiambia wamemrusha wiki kumi hakuna aliyekufa. Nikajiambia nikisema, mjomba wangu kwisha. Marcy akaweka mguu kwenye kikanyagio. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Shuka!" na mtu mwenyewe ni mimi.

Uwanja mzima ukageuka.

Kocha akaja. "Delbert, nini?"

"Huyu haoni. Jicho la kushoto."

"Nani kakuambia?"

"Liulize jicho lake."

Nikavua kofia yangu, nikapita upande wa kushoto, nikaipunga shibiri moja kutoka kwenye uso wake. Akasimama kama sanamu. Nikapita kulia, nikapunga mara moja tu: akainua kichwa juu, akarudi nyuma, msichana aliyemshika akaangukia matako. Mwanamke mmoja akasema "Ee Mungu wangu" polepole sana.

Halafu akaja mkuu wa mazizi yao. Ana kofia ya majani, Mjomba. Ile ile. Akanitazama usoni, akatazama miguu yangu, na nikaona anavyonikumbuka kuanzia chini kwenda juu.

"Wewe," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa juu yake."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza siku ile. Nilisimama kwenye uzio nikakuuliza."

"Uliniuliza kama ni mpole. Nikasema ni mpole."

"Na ulikuwa unajua?"

Mjomba, nimezungumza maisha yangu yote bila kukosa jibu. Walimu wamenifukuza darasani kwa majibu. Jana lilikuwepo moja tu.

"Nilijua," nikasema.

Hakunipiga. Nilitaka anipige. Akachukua hatamu akamwondoa farasi, anamsemesha njia nzima kwa upande wa jicho zima.

Marcy akaingiza mkono tena kwenye kofia, akapata farasi wa akiba, mzito kama kabati. Amekuwa wa tatu. Wa tatu hawaendi popote.

Kurudi kwa gari ni mwendo wa saa mbili na nusu. Nilidhani Marcy atanishukuru au atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Karibu tunafika akageuka kwenye kiti. Akasema, "Mnada, wengine je? Ni wangapi?"

Mia nne, Mjomba. Nimeanza kuwahesabu mmoja mmoja na siwezi kuacha. Yule mwekundu uliyesema nisimruhusu kusimama. Yule jike tuliyemtoa mwisho kabisa watu wakiwa wamechoka. Nani anawapanda? Watoto?

Kocha amenitoa kwenye timu kwa sasa. Amesema nitasafisha mabanda mpaka siku atakapoweza kunisikia nikiongea bila kutaka kunizaba kofi. Mkuu wa mazizi wa Wendham atakupigia, kama hajapiga. Nimempa namba. Nimeona ni afadhali akupate kuliko akutafute.

Najua hukujua farasi alikwenda wapi. Uliuza tu, kama siku zote. Kwa hiyo nakuandikia usije ukashtuka.

Delbert


Pell Creek
4 Novemba 1986

Mjomba,

Barua yako ya tarehe 29 imefika leo.

Ulijua.

Nimeisoma nimesimama kwenye ngazi ya posta na mtu ameniomba nimpishe mara tatu. Karatasi za mauzo unazo wewe, jina la mnunuzi unalo wewe. Ulipoona neno Wendham ulijua farasi ni yupi, na ulijua ananingoja mimi au mwenzangu. Ukakaa nayo wiki tatu juu ya friji.

Na ulipoandika, uliandika nisiende mimi. Basi. Hukuandika kwamba farasi haoni. Marcy ungemwacha apande.

Sina neno la kuchekesha la kumalizia.

D. Ison


Stillhouse Branch
17 Novemba 1986

Delbert,

Umeniita nijibu, ingawa hukuuliza.

Ndiyo, nilijua. Nilijidanganya kwamba hutampata wewe, na huyo mwingine sikumfikiria kabisa. Nimeuza farasi miaka thelathini kwa kutowafikiria watu. Ukianza kuwafikiria huwezi kuuza hata kuku.

Yule bwana alipiga simu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lilinitoa jasho. Nimekwenda Wendham na trela nikamrudisha farasi nyumbani. Nimewalipa. Nimekuona kwa mbali nikipita Pell Creek, unasukuma toroli la samadi. Sikusimama.

Nilikuwa na hasira nawe, nakwambia kweli. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu: huyu nimemlisha, huyu nimemfundisha kutembea, leo amenivua nguo mbele ya watu wenye tai. Farasi nyuma hajibu kitu.

Juzi Jumamosi nimempanda mwenyewe nikaingia naye uwanjani. Dalali alikuwa ameanza wimbo wake. Nikamnyang'anya kipaza sauti. Nikasema: "Huyu jicho la kushoto halioni. Mpole, anakula vizuri, lakini haoni kushoto, msimpe mtoto, msimrushe."

Delbert, banda likawa kimya. Wale watu wasionyamaza hata mtu akizimia. Mmoja akacheka akidhani ni mzaha, halafu akaacha. Nimesimama juu ya farasi katikati ya ule ukimya na nikaona aibu kuliko siku niliyokamatwa na sherifu wa polisi.

Kisha mama mmoja wa juu huko mlimani akainua kadi yake ya kununulia. Anataka farasi wa kumfanyia kampani farasi wake mwingine, hataki kupanda. Nikamwuliza kama amenisikia. Akasema, "Garnet, leo ndiyo mara ya kwanza nimekusikia."

Basi nilidhani yamekwisha. Mnada ulipofungwa nikakuta watu saba wamesimama kwenye lango langu. Wote niliwauzia zamani. Hawakupiga kelele. Kila mmoja alitaka kujua kuhusu wake. Nimewajibu watano. Wawili nimewaambia warudi Jumamosi ya baada ya Sikukuu ya Shukrani, nikusanye nguvu.

Kuhusu Sikukuu ya Shukrani, usije. Si kwa hasira, ingawa bado ninayo kidogo. Ni kwamba sijui nitakutazamaje mezani wakati nakupasia bakuli la viazi.

Mjomba wako
Garnet


Pell Creek
20 Novemba 1986

Mjomba,

Nimemsomea Kocha barua yako, kwa sauti, yote, hata ile sehemu ya samadi. Alipofika kwenye watu saba, namaanisha nilipofika, aliniambia nikamilishe mabanda ya leo kisha kesho nije mazoezini. Marcy alikuwa anasikiliza mlangoni. Amesema anataka kumjua mtu aliyeweza kukunyamazisha, nikamwambia ni yule mama wa mlimani. Akasema, "Na wewe pia umemnyamazisha." Hajaniita Mnada tangu siku ile Wendham. Ananiita Delbert, na linaniuma kidogo.

Hakuna atakayemrudishia ule mwaka. Nimemwambia hivyo. Amesema anajua.

Nakuja Jumatano, mkesha wa Sikukuu ya Shukrani, kwa basi la jioni. Sijaomba ruhusa. Hao wawili wa Jumamosi utawajibu mimi nikiwa nimesimama kando yako, maana farasi wenyewe niliwapanda mimi, na kuna mambo juu ya farasi wao ambayo hata wewe huyajui.

Niwekee sahani. Ukishindwa kunitazama, mtazame bata mzinga.

Delbert